Wavamizi wa mwaka 1978 wamerudi viganjani mwa watoto wetu

Miongoni mwa michezo inayochezwa na watoto wetu katika simu, upo mmoja ulio mkongwe kuliko wazazi wengi wanaousoma ukurasa huu. Safu za vidudu vya ajabu hushuka polepole kutoka juu ya kioo. Mchezaji aliye chini, mwenye mzinga mmoja tu, huvilenga kimoja kimoja kabla havijafika ardhini. Watoto wa hapa Runzewe hawaujui kwa jina. Kwao ni gemu ya kurusha tu, na ipo ya namna nyingi. Jina la mama yao wote ni Space Invaders, yaani wavamizi kutoka anga, na ulitolewa nchini Japani na kampuni ya Taito mwaka 1978.

Suala la watoto na simu hujitokeza mara kwa mara katika vikao vya kamati yetu ya msikiti, na aghalabu hujibiwa kwa neno moja: marufuku. Marufuku ina mahali pake. Lakini mzazi anayekataza jambo asilolijua huweza kukataza lisilo na madhara na kuliacha lenye madhara likipita mlangoni. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kuueleza mchezo huu: ulivyozaliwa, ulivyohamia katika vioo vya kugusa, na kilichoongezwa ndani yake njiani.

Kazi ya mtu mmoja

Aliyeubuni ni mhandisi aitwaye Tomohiro Nishikado. Yeye mwenyewe alichora picha, aliandika programu, na alitengeneza hata vifaa vya kuiandikia, kwa kuwa wakati huo havikuwapo vya kununua. Programu nzima ilienea katika kumbukumbu ya kilobaiti 8. Picha moja ya harusi tunayorushiana kwa simu leo huwa nzito mara nyingi kuliko mchezo wote huo.

Limo jambo katika kazi yake ambalo wazazi watalipenda. Nishikado alifikiria kwanza vifaru na ndege, lakini kwa mashine za wakati ule havikumridhisha vilivyokwenda. Maumbo ya binadamu yangekwenda vizuri zaidi, ila kumfanya mchezaji awafyatulie risasi wanadamu kulionekana kuwa jambo lisilofaa. Ndipo akachora viumbe vya kubuni vilivyofanana na pweza, ngisi na kaa. Mchezo wa kurusha uliopata umaarufu duniani kote ulianza, basi, kwa mtu kujiwekea mpaka. Si michezo yote iliyoufuata iliyouheshimu mpaka huo, na hilo mzazi alitazame kabla ya mengine.

Jambo la pili ni la ufundi. Wavamizi walikuwa 55, katika safu 5 za wavamizi 11. Mashine iliwasogeza kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa prosesa yake ilikuwa dhaifu. Walipokuwa wengi, zamu ilikawia kurudi, nao wakaenda kwa kusuasua. Kadiri walivyopungua, zamu iliwahi kurudi, na mvamizi wa mwisho akawa anakimbia kama aliyechomwa na siafu. Nishikado aliliona hilo na akaliacha kwa makusudi, maana liliufanya mchezo uwe mgumu hatua kwa hatua bila amri ya ziada. Udhaifu wa chombo uligeuka kuwa utamu wa mchezo.

Kutoka sandukuni hadi kiganjani

Mashine ya mwaka 1978 ilikuwa sanduku lenye kioo, vidhibiti vya mkono na tundu la sarafu. Mkono mmoja uliendesha mzinga kushoto na kulia, na mwingine ulibonyeza kitufe cha kufyatua. Mchezaji hakuhitaji kuitazama mikono yake, kwani vidole vilikihisi kitufe kama fundi cherehani anavyoihisi kanyagio kwa mguu.

Kioo cha kugusa hakina cha kuhisiwa. Kimetandazwa tabaka jembamba lenye chaji ya umeme. Kidole kikikaribia, chaji hubadilika mahali pale, na simu hutambua palipoguswa. Kwa kusoma ujumbe na kutuma fedha hilo latosha. Kwa mchezo wa kasi, matatizo mawili huzuka. Kwanza, kidole huteleza kutoka kwenye kitufe kilichochorwa bila mwenyewe kujua. Pili, kidole hukifunika kile kile ambacho jicho linataka kukiona.

Kwa hiyo waliojaribu kuuhamisha mchezo kama ulivyo, kwa kuchora vitufe juu ya kioo, walipata mchezo unaoudhi. Taito wenyewe waliipata njia nyingine katika toleo liitwalo Space Invaders Infinity Gene, lililotoka kwanza kwa simu za Japani mwaka 2008 na kufika kwenye iPhone mwaka 2009. Humo kitufe cha kufyatua kimeondolewa: mzinga hufyatua wenyewe bila kukoma, na kazi ya mchezaji imebaki kuuelekeza. Tena si lazima kidole kikae juu ya mzinga. Kinaweza kuteleza popote penye nafasi, nao mzinga ukafuata mwendo wake, na macho yakabaki huru. Mchezo huo huanza kwa sura ya kale, nyeupe na nyeusi, kisha hubadilika hatua kwa hatua hadi kuwa kitu kipya.

Yako mambo ambayo simu iliyapokea kwa wepesi. Kioo cha sanduku lile kilikuwa kimesimamishwa wima, chenye nukta 224 kwa upana na 256 kwa urefu. Na simu nayo hushikwa wima. Mchezo mwingine wa zama hizo, Missile Command wa mwaka 1980, ambao mchezaji huilinda miji 6 dhidi ya makombora yashukayo, ulichezwa kwa kuzungusha tufe ili kuilenga sehemu ya anga. Kwenye kioo cha kugusa, mtu huigusa sehemu yenyewe.

Lakini kasi ilileta taabu isiyotarajiwa. Prosesa ya mashine ya kale ilipiga mapigo milioni 2 kwa sekunde, na ya simu ya kawaida ya leo hupiga zaidi ya bilioni 1. Programu ya kale ikiachiwa nguvu zote hizo, wavamizi wangefika ardhini kabla mchezaji hajapepesa jicho. Mwandishi wa toleo jipya analazimika kuiamuru simu isubiri. Ule udhaifu uliokuwa wa kweli mwaka 1978 leo huigizwa kwa hesabu.

Hofu ya wazazi si ngeni

Mzazi asidhani kuwa hofu yake ni ya ushamba au ya watu wa dini peke yao. Mwaka 1981 mbunge wa Uingereza, George Foulkes, alipeleka bungeni pendekezo la sheria ya kuidhibiti Space Invaders na michezo ya aina yake, akieleza kuwa vijana walikuwa wakitoroka shule na kuiba fedha ili wacheze. Lilishindwa kwa kura 114 dhidi ya 94. Mwaka huo huo Rais Ferdinand Marcos aliipiga marufuku michezo hiyo nchini Ufilipino.

Historia imekwisha kuhukumu. Marufuku haikuumaliza mchezo, na kuupuuza hakukuyaondoa malalamiko. Swali lililobaki ni lile la tangu mwanzo: nani analipa, analipa nini, na analipa mpaka lini?

Sarafu imebadilika sura

Mashine ya kale ililipwa kwa sarafu, na kwa hiyo ilitengenezwa iwe ngumu, ili mchezaji ashindwe mapema na mwingine aingize sarafu yake. Hata hivyo ilikuwa na uwazi wa aina yake: mfuko ukiisha, mtoto alirudi nyumbani.

Simu haina tundu la sarafu, nao mchezo husemwa kuwa ni wa bure. Lakini aliyeutengeneza naye ana familia ya kulisha. Atalipwa na nani? Yapo malipo ya namna tatu. Ya kwanza ni kuununua mchezo mara moja kwa bei inayojulikana, na kwisha. Ya pili ni matangazo: kila mtoto anaposhindwa, tangazo hujitokeza, na kadiri anavyokaa ndivyo mwenye mchezo anavyopata. Ya tatu ni kuuza vitu ndani ya mchezo: uhai wa ziada, mzinga wenye nguvu, au kuruhusiwa kuendelea bila kusubiri. Hii ya tatu haina mwisho, na hapo ndipo mchezo wenye shabaha njema hugeuka mtego. Wavamizi huongezwa kasi makusudi mahali ambapo mtoto atashawishika kununua.

Katika ukanda wetu wa machimbo hatari hii ina sura yake. Baba akiwa duarani na mama akiwa sokoni, simu hubaki na mtoto, na simu hiyo hiyo ndiyo benki ya nyumba. Malipo ya mchanga, ada ya shule na akiba ya kikundi vyote vimo humo. Mtoto aliyeijua namba ya siri ya mzazi wake amekabidhiwa kasiki wala hakuomba.

Mpaka wa gemu na kamari

Wazazi wengi huchanganya gemu na mashine za kubahatisha zilizoenea katika miji midogo, zile ziitwazo mitaani madubwi au bonanza. Zote zina taa, sauti na kioo, lakini hazifanani katika asili. Katika Space Invaders mchezaji hushinda kwa wepesi wa jicho na mkono, wala hapewi fedha. Katika dubwi ustadi hauna kazi. Mtu huweka fedha akitumaini fedha. Hiyo ni kamari, na hukumu yake kwetu Waislamu haina utata. Sheria ya nchi nayo inawazuia walio chini ya miaka 18.

Hatari ya simu ni kwamba mpaka huo umefifia. Mtoto anacheza gemu halali ya kurusha, tangazo linatokea katikati, na tangazo lenyewe ni la kubeti. Ipo pia michezo inayouza masanduku yaliyofungwa, mnunuzi asijue atapata nini ndani yake. Hapo roho ya dubwi imeingia katika mwili wa gemu. Mchimbaji anayesema tushuke futi mbili zaidi ana mwamba mbele yake, na jasho lake lina thamani hata akikosa. Anayesema sarafu moja zaidi ana mbele yake mashine iliyopangwa ili mwenye nayo apate faida.

Vijana wetu wanaweza

Tusiishie kwenye tahadhari. Mwaka 2015, Andrew Kaggia wa Kenya na kampuni yake ya Black Division Games walitoa mchezo uitwao Nairobi X, ambao wavamizi kutoka anga wanaushambulia mji wa Nairobi. Wazo la Japani lilivaa mitaa ya Afrika Mashariki.

Kijana wa kidato cha nne mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kujifunza uandishi wa programu kwa kuujenga upya mchezo wa wavamizi. Atahitaji hesabu za kutambua kitu kilipo, kitu kilipogongana na kingine, na muda uliopita; haya ni masomo anayofundishwa darasani. Jina na michoro ya Taito ni mali ya wenyewe, asivichukue. Achore vya kwake: ndege kwelea kwelea washukao kwenye shamba la mpunga, naye mchezaji awe mlinzi mwenye kombeo. Mchezo wa namna hiyo hauna damu ya binadamu, hauna kamari, na kila mtoto wa Bukombe atauelewa bila kuelezwa.

La kufanya nyumbani

Kabla ya kumruhusu mtoto apakue mchezo, fungueni ukurasa wake katika duka la programu na msome maneno mawili madogo yaliyo chini ya jina: “ina matangazo” na “ununuzi wa ndani ya programu”. Usio na yote mawili ni salama zaidi. Zimeni data kisha mjaribu kuucheza. Unaokubali bila intaneti hauwezi kuleta matangazo mapya wala kuuza chochote wakati data imezimwa. Epukeni michezo ya kurushiwa vibandani kutoka kadi ya mtu mwingine, kwani hakuna ajuaye kilichofungashwa pamoja nayo. Wekeni simu idai nywila kabla ya kila ununuzi, na namba ya siri ya fedha isijulikane na mtoto, hata kama ndiye hodari wa simu kuliko ninyi.

Zaidi ya yote, chezeni naye mara moja. Mkikaa robo saa mtajua kama mnamwua binadamu au kidudu, kama matangazo ni ya sabuni au ya kubeti, na kama mchezo una mahali pa kupumzika. Kisha kubalianeni juu ya muda wake, kwa mfano baada ya Alasiri na baada ya kazi za shule, na adhana ya Magharibi iwe mwisho bila mjadala. Mtoto aliyefahamishwa sababu huweza kujizuia hata mzazi asipokuwepo, na hilo ndilo malezi yanayobaki.

Wabillahi tawfiq.