Baiskeli kwenye baridi: Kwa nini wenza hawatakiwi kuachana njiani

Kwa Waholanzi, baiskeli haiingizwi stoo eti kwa sababu baridi imeanza. Wapo wenza wanaofunga mikoba kwenye keria mwezi Desemba, wakaondoka siku tatu au nne kuzunguka vijijini. Usiku wanalala kwenye nyumba za wenyeji, mchana wanapasha tumbo kwa supu nzito ya njegere, na mwisho wanarudi kwa treni.

Njia moja inayofaa kwa safari ya namna hiyo ni bonde la mto IJssel, mashariki mwa nchi. Inapita Doesburg, Zutphen, Deventer, Zwolle hadi Kampen, miji ya zamani iliyotajirika kwa biashara ya mtoni. Ni kama kilomita 100 hivi, karibu zote tambarare.

Majira ya joto, mwenye miguu ya kazi anaimaliza kwa siku moja. Desemba hata siku tatu si nyingi.

Sababu ya kwanza ni mwanga. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza huko karibu saa 2:45 asubuhi na kuzama kama saa 10:25 jioni. Mchana mzima haufiki saa nane. Ukitoa muda wa kula na kutengeneza tairi, zinabaki saa chache za kukanyaga pedali.

Sababu ya pili ni upepo ambao mwendesha baiskeli anajitengenezea mwenyewe. Kipimajoto kikisoma nyuzi sifuri na hewa ikiwa imetulia, mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa ngozi yake inahisi kama nyuzi 5 chini ya sifuri. Upepo wa kasi hiyohiyo ukimjia usoni, inakuwa kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Waendesha bodaboda wanaovaa koti kinyume, mgongo ukae kifuani, wanaielewa hesabu hii bila kufundishwa.

Lakini wanaokwenda wawili wana tatizo jingine, na mara nyingi ndilo linaloharibu safari.

Ni nadra watu wawili kuwa na nguvu sawa. Mwenye nguvu anatangulia, anafika njia panda, anasimama kumsubiri mwenzake. Jasho lililolowesha fulana yake linageuka maji ya baridi mgongoni, maana nguo mbichi hupoteza joto upesi kuliko kavu. Wa nyuma naye anajikaza kuliko uwezo wake ili asionekane mzigo. Anafika akihema, amelowa jasho. Kabla hajavuta pumzi, wa mbele aliyekwishaganda anasema, "Haya, twende."

Kwa hiyo aliyechoka ndiye asiyepumzika, na aliyepumzika ndiye anayetetemeka. Wakirudia hivyo mara kumi kwa siku, jioni hawasemeshani.

Ugomvi ni jambo dogo. Hatari yenyewe ni joto la ndani ya mwili kushuka chini ya nyuzi 35. Dalili zake huanza taratibu: kutetemeka, vidole kushindwa kufunga zipu, ulimi kuwa mzito, baiskeli kuanza kuyumba. Baadaye mtu anakuwa mkaidi au mzito wa kuamua. Ubaya ni kwamba akili ikishapoa, mwenye tatizo halioni tatizo. Ukimuuliza atakwambia yuko sawa.

Anayeweza kuona ni mwenzake, ila awe karibu. Akiwa mita 300 mbele, hana msaada wowote.

Hapa sheria ya Uholanzi inasaidia, kwa sababu inaruhusu baiskeli mbili kwenda sambamba. Wanaokwenda ubavu kwa ubavu wanapiga soga, na soga hiyo ni kipimo kizuri kuliko vifaa vingi vya dukani. Mtu akianza kujibu kwa neno mojamoja, au maneno yakianza kuburuzika, ni wakati wa kutafuta paa, nguo kavu, kitu cha moto cha kunywa na chakula. Aliyekuwa akitetemeka sana akaacha ghafla bila kupata joto, na akili zimevurugika, hiyo ni dharura ya kupiga 112.

Mwendo uwe wa yule aliye taratibu. Upepo ukiwa wa usoni, mwenye nguvu anakaa mbele kumkinga, lakini hapangi kasi; anaipokea kutoka nyuma kwa sauti au kwa kioo kidogo cha pembeni. Na kupumzika kunaanza pale wa mwisho anapofika.

Kuhusu upepo, huko mara nyingi unatoka kusini-magharibi, na mto unaelekea kaskazini. Ndiyo maana ni busara kuanzia Doesburg kwenda Kampen, badala ya kinyume chake. Doesburg haina stesheni, watu hushukia Dieren ng'ambo ya mto. Ila baridi kali na kavu mara nyingi huja na upepo wa mashariki, hivyo utabiri utazamwe kila asubuhi.

Njia yenyewe haipotezi mtu. Njia panda zina namba, mfumo ulioanzia Limburg ya Ubelgiji mwaka 1995 kwa ubunifu wa Hugo Bollen, aliyekuwa mhandisi wa migodi. Namba za siku zikiandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye usukani, hakuna haja ya kuvua glavu kutazama simu, ambayo betri yake nayo huisha haraka kwenye baridi. Wenye baiskeli za umeme walale na betri ndani. Haifai kuichaji ikiwa imeganda.

Mto ni habari nyingine. Vivuko vidogo vingi vya baiskeli husimama majira ya baridi, na maji yakijaa, njia za bondeni huzama. Mwanzoni mwa 2024 maji ya IJssel yalipanda hadi kufunika barabara ya ukingoni mwa mto pale Deventer. Wakati kama huo wanaobaki salama ni wanaopita juu ya tuta, hata kama upepo unawachapa.

Madaraja nayo yaogopwe asubuhi: huganda kabla ya barabara, na barafu yake nyembamba haionekani. Hapo breki zinaguswa kidogo tu, au mtu anashuka na kukokota.

Siku ya mwisho ina mtego wake. Kwenye treni za shirika la NS, siku za kazi baiskeli ya kawaida hairuhusiwi kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:00 asubuhi, na tena saa 10:00 hadi saa 12:30 jioni. Yaani wanaoingia stesheni ya Zwolle jua likizama watasubiri saa mbili nzima. Fulana kavu za kubadili zisiwe chini kabisa ya mkoba.