Mganga wa Tiba Asili na Daktari wa Hospitali: Mgonjwa wa Mtae Aende kwa Nani?

Mtae imekaa juu kabisa ya ukingo wa Milima ya Usambara, wilayani Lushoto, ikiyatazama matambarare ya Mkomazi. Kutoka hapo hadi hospitali ya wilaya ni safari ndefu ya milimani yenye kona nyingi, ilhali mganga wa tiba asili huwa jirani. Si ajabu, basi, wagonjwa wengi kuanzia kwake.

Serikali inawatambua wote wawili. Daktari husoma shahada kwa miaka 5, hufanya mafunzo ya vitendo kwa mwaka 1, kisha husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mganga hujifunza kwa mzazi au mkuu wake, na husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Tofauti yao kubwa ni namna ya kuutafuta ugonjwa. Mganga humsikiliza mgonjwa pamoja na jamaa zake, akiuliza pia juu ya ugomvi, msiba na hofu. Faraja hiyo ina thamani. Daktari huongeza kipimo: damu, mkojo, shinikizo la damu. Dozi yake inajulikana kwa miligramu, ilhali nguvu ya mizizi iliyochemshwa hubadilika kwa umri wa mti, udongo na majira.

Hata hivyo, mimea na hospitali si maadui. Kwinini ilitokana na gome la mti wa sinkona, uliopandwa na Wajerumani huko Amani, Usambara Mashariki. Dawa mseto ya malaria ina asili yake katika mmea wa Artemisia, uliotumika China tangu kale. Kilichoigeuza mimea hiyo kuwa dawa ya kutegemewa ni kupimwa. Kazi ya namna hiyo hufanywa pia na Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili. Na mkoani Tanga, tangu miaka ya 1990, waganga na watumishi wa hospitali wameshirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI.

Hatari ipo katika kuchelewa. Mkazi wa milimani hana kinga kubwa ya malaria. Akishuka tambarare akaumwa na mbu, homa yaweza kumzidi upesi. Mtoto mwenye degedege huweza kudhaniwa ana shetani, kumbe ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na saa chache zaweza kuamua uhai wake. Degedege, kupoteza fahamu, kupumua kwa shida, kutokwa damu wakati wa ujauzito, na mtoto kushindwa kunyonya ni dalili za kwenda hospitali bila kupitia kwingine.

Mtumishi wa afya amwulize kila mgonjwa, kwa upole, ametumia dawa gani ya miti; akikemewa leo, kesho ataficha. Mgonjwa naye aseme kweli, hasa mjamzito na anayetumia dawa za shinikizo la damu, kisukari au UKIMWI, kwani baadhi ya mimea hugongana na dawa hizo au hudhuru ini na figo. Mganga ampeleke mapema aliyemzidi uwezo. Kufanya hivyo hakumpunguzii heshima. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.