Msaada na Fidia: Wajibu wa Serikali Baada ya Mafuriko

Mafuriko yanapotokea, makada wetu huulizwa na wananchi: Serikali itatulipa nini? Jibu linalotolewa mara nyingi ni la haraka, kwamba mvua ni kazi ya Mungu na kwamba unga na mablanketi vimekwisha kuletwa. Katika Chama cha wakulima na wafanyakazi jibu hilo halitoshi. Yatupasa tulieleze jambo lenyewe.

Kwanza tutenganishe msaada na fidia. Msaada hutolewa kwa sababu mtu ana shida. Fidia hulipwa kwa sababu mtu anadai. Ibara ya 24 ya Katiba yetu inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia hiyo iwe kamili, ya haki na ya haraka. Basi Serikali ikitwaa shamba ili ijenge tuta, inadaiwa. Mto ukilichukua shamba hilohilo wakati wa masika, deni la namna hiyo halipo. Lakini ibara ya 8 inaufanya ustawi wa wananchi kuwa lengo kuu la Serikali, na hakuna ustawi katika unga wa wiki mbili.

Rufiji inatufundisha mengi. Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali na TANU waliwahamisha wananchi kutoka bondeni hadi vijiji vipya katika nchi ya juu. Kuwatoa katika hatari kulikuwa sahihi. Upungufu ulikuwa kuyaona maji kuwa adui tu. Mrufiji anajua kwamba maji yakipungua huacha tope lenye rutuba. Humo hulima mlau na kulinda mazao yake akiwa juu ya dungu. Mtu huyo ukimpa kiwanja bila ardhi inayomlisha, umemwokoa na maji ukamtupa kwenye njaa. Dar es Salaam nako, baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika walipewa viwanja Mabwepande. Baadhi waliviuza wakarudi bondeni, karibu na vibarua vyao. Wanaowaita wakaidi hawajapiga hesabu ya nauli. (Kasumba ya kumlaumu mnyonge kwa kukaa mahali pa bei nafuu imeingia hata katika vikao vyetu.)

Suala gumu zaidi ni pale mvua inapokutana na kazi za umma. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifurika, wakati Bwawa la Julius Nyerere likifunguliwa maji. Serikali ilieleza kwamba mvua zilizidi kiasi, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Maelezo hayo yana uzito. Hata hivyo, mkulima aliye chini ya bwawa ana haki ya kuonyeshwa vipimo: maji kiasi gani yaliingia, kiasi gani yalitolewa, na yeye alionywa siku gani. Vipimo vikithibitisha kwamba kazi ya umma iliongeza hasara yake, hapo tumekwisha toka katika msaada na kuingia katika fidia, na kada hana sababu ya kulikwepa neno hilo.

Kwamba Serikali inaweza kwenda mbali kuliko unga, tumeona. Baada ya maporomoko ya tope ya Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, zilijengwa nyumba zaidi ya 100 kwa waathirika huko Waret, wilayani Hanang.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inashusha kamati hadi kijijini na mtaani. Kazi ya kwanza ya kada humo ni daftari. Liandikwe mapema, maji yakiwa bado yanapungua, tena mbele ya mkutano wa wananchi: nyumba, ekari na zao lililokuwamo, mifugo, boti, cherehani. Liandike pia mpangaji, ambaye hana nyumba lakini amepoteza kila kilichokuwa ndani, na mwanamke ambaye shamba analolima hutajwa kwa jina la mumewe.