Mupira wa pikipiki ukilika upande mmoja



Wakati wa mavuno ya kahawa, pikipiki ya koperative haipumziki. Kahawa nyekundu iliyochumwa asubuhi inapaswa kufika kwenye kituo cha kuoshea siku hiyo hiyo. Ikilala ndani ya gunia inaanza kuchacha, na bei inashuka. Ndiyo maana leo tunaongea juu ya mipira. Tumeona mara nyingi: mupira unaisha mapema, makuta yanatoka kwenye kasha, mupira mupya unanunuliwa, na huo mupya nao unaisha vile vile. Hapo ugonjwa uko kwenye pikipiki, mupira ulikuwa unauonyesha tu.

Basi mbele ya kutupa mupira wa zamani, muuangalie na muupapase kwa mukono.

Ukilika katikati tu, upepo ulikuwa mwingi. Ukilika pande zote mbili na katikati bado kuna meno, upepo ulikuwa kidogo kwa muzigo ule. Mupime upepo asubuhi, pikipiki ikiwa haijatembea, kwa sababu mupira ukipata joto kipimo kinapanda. Kupiga teke siyo kupima! Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa kawaida nyuma kunatiwa kuliko mbele, na muzigo ukiwa muzito kunaongezwa. Tena muangalie kipimo chenyewe: vingine vinahesabu kwa bar, vingine kwa paundi. Bar 1 ni karibu paundi 14 na nusu.

Ukilika upande mmoja, sisi tunaanza na shene. Fundi akikaza shene anavuta gurudumu la nyuma, na kila upande kuna alama ndogo ndogo. Kushoto kukiwa alama ya nne na kulia ya tatu, gurudumu limesimama kombo. Pikipiki inavuta upande, dereva anapigana na usukani safari nzima, shene nayo inakulika. Kuhakikisha hakuombi chombo cha bei. Musimamishe pikipiki sawa, usukani unyooke. Mupitishe kamba nyuma ya mupira wa nyuma, muvute ncha zote mbili mpaka mbele, kamba iguse ule mupira kila upande bila kuguswa na kitu kingine. Nafasi kati ya kamba na mupira wa mbele inapaswa kuwa sawa kushoto na kulia.

Gunia linaloning'inia upande mmoja linaleta shida ileile. Na likikaa nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unacheza, zaidi kwenye mupando. Mulisogeze karibu na mugongo wa dereva.

Mupira wa mbele ukiwa na mabonde mabonde, muinue gurudumu la mbele, mushike miguu yake miwili, musukume na kuvuta. Mukisikia inagonga, rulema za usukani zimelegea. Zikiwa nzima, mutazame amortisa. Rayo muzigonge kwa ufunguo moja moja. Ile yenye sauti nzito imelegea. Lakini kuzikaza ni kazi ya fundi, kwa sababu ukikaza ovyo janti inapinda.

Madereva wengi wanajua haya yote, ila hakuna anayewapa nusu saa ya kuyafanya siku ya kukusanya kahawa. Kwa hiyo tunaomba mutunza-kasha asisinye ununuzi wa mupira mupya mbele ya kuletewa ule wa zamani mezani.