Mbwa Kupanda Ndege: Maandalizi Huanza kwa Chanjo

Mkazi wa Kilosa au Mikumi anayehamia Ulaya na kutaka kuondoka na mbwa wake huenda akaanza kwa kutafuta tiketi. Utaratibu sahihi huanza na chanjo, miezi minne au zaidi kabla ya safari. Sababu yake ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao bado unaua watu nchini mwetu.

Virusi vya ugonjwa huu huenezwa kwa mate ya mnyama aliyeambukizwa, hasa anapouma. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Mbwa naye anaweza kuonekana mzima kwa wiki au miezi kadhaa baada ya kuambukizwa. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya hudai muda mrefu wa kusubiri kwa mbwa wanaotoka Tanzania.

Kwanza, mbwa huwekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Chanjo iliyotolewa kabla ya chipu haihesabiwi. Pili, huchanjwa akiwa amefikisha angalau wiki 12. Tatu, zikipita siku 30, hutolewa damu ili maabara iliyoidhinishwa ipime kinga, ambayo haipaswi kupungua uniti 0.5 kwa kila mililita. Nne, husubiri miezi mitatu tangu damu ilipotolewa. Kwa mfano, mbwa aliyechanjwa tarehe 1 Juni hutolewa damu kuanzia tarehe 1 Julai, na haingii Ulaya kabla ya Oktoba. Cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali hutolewa mwishoni, ndani ya siku 10 kabla ya kuwasili. Marekani ina masharti yake: tangu tarehe 1 Agosti 2024 haipokei mbwa mwenye umri chini ya miezi sita.

Kizimba cha safari kimruhusu mbwa kusimama wima, kugeuka na kulala. Azoeshwe kulala humo wiki kadhaa mapema. Asipewe dawa ya usingizi, kwani huweza kushusha shinikizo la damu na kudhoofisha upumuaji mahali ambapo hakuna wa kumhudumia. Mbwa wenye pua fupi wako hatarini zaidi.

Barabara ya kutoka mji wa Mikumi kwenda Morogoro hukatiza Hifadhi ya Taifa kwa takriban kilomita 50. Mbwa asishushwe humo. Kuna mbung'o wanaoeneza ndorobo, na wapo mbwa mwitu, wanyama adimu wanaoweza kuangamizwa na maradhi ya mbwa wa nyumbani.

Lipo jambo moja linalowahusu wahudumu wa afya moja kwa moja. Mbwa aliyemuuma mtu asisafirishwe hadi achunguzwe kwa siku 10, hata kama tiketi imelipiwa na cheti kipo. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa akitoa virusi alipouma. Akiondoka, ushahidi huo huondoka naye. Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya kuanza chanjo bila kusubiri matokeo ya uchunguzi.

Siku daktari wa mifugo anapokuja kumchanja mbwa wa safari, mwenye nyumba awatoe pia mbwa watakaobaki kulinda boma. Hao ndio watakaoendelea kuishi na watoto wa jirani.