Kofia ya Waya Isisingiziwe

Kuanzia ploti za Kitengela hadi Kajiado mjini, si ajabu kukuta juu ya dari waya zimesokotwa kwa koleo zikafungwa tepu nyeusi. Fundi akija na vile vikofia vya plastiki vyenye springi ndani, mwenye nyumba anashtuka.

*“Kofia ni hatari, heri tepu.”* Si kweli. Tepu inakukinga usiguse shaba, basi. Haikazi chochote, na gundi yake hulegea kwa joto la mabati. Springi ya kofia huuma shaba na kuibana. Kanada huiita Marrette, kwa jina la William Marr aliyeibuni, na Marekani imejaa majumbani. Sisi tulirithi mtindo wa Uingereza, pamoja na soketi za ampea 13, na huko kofia za kauri zilishapisha konekta za skrubu. Kwetu ni ngeni tu.

*“Kofia moja inatosha waya wowote.”* Si kweli. Pakiti husema inabana waya ngapi na za unene gani: milimita mraba 1.5 za taa, 2.5 za soketi. Waya laini wa holda ukiunganishwa na mgumu huteleza upesi. Ukimaliza, vuta kila waya peke yake, ukichomoka, rudia.

*“Kiungo kikipata moto, breka itakata.”* Huu ndio uongo unaoniudhi. Shawa ya stima ya kilowati 5.5 huvuta ampea 23 hivi. Kiungo kilicholegea, chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, kitatoa zaidi ya wati 50 za joto: unalehemu redio juu ya dari, kila asubuhi watu wakioga. Breka nayo inaona ampea zilezile 23 za kawaida, kwa hiyo haina la kukata. Waya wa shawa utoke kwenye breka hadi swichi yake ukiwa mzima. Hapo sitaki kofia wala konekta.

*“Kikishaungwa vizuri, piga plasta.”* Si kweli. Kiungo kikae ndani ya kisanduku chenye kifuniko kinachofunguka.

*“Klipu za wenzo ni bora zaidi.”* Kweli, ingawa bei yake huuma. Hupokea waya mgumu na laini, na zile za plastiki angavu hukuonyesha kama shaba imefika ndani. Hata hivyo, kabla ya klipu, muulize fundi leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na petroli. Kwa nyumba ya fezi moja, daraja la C-2 linatosha.