Kijana Asiyeitikia Salamu

Kwetu pwani salamu ndiyo mlango wa utu. Kijana apitaye barazani kimya husemwa mara moja kwamba hana adabu, au kwamba ana pepo. Mimi nami nalisema hivyo juu ya kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Tanga, mwenye umri wa miaka 14. Nalimkemea mbele ya wenzake, naye akaziba masikio akakimbia. Baadaye mamaye alinieleza kwamba mwanawe ana usonji, nami nikaona haya.

Usonji si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtu ulivyokua tangu utotoni. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner alieleza habari za watoto 11 wa namna hiyo huko Marekani.

Walakini utoto ukipita, taabu huzidi. Watoto wadogo hucheza kwa kukimbia tu. Vijana huketi wakazungumza, na mazungumzo yao yamejaa utani na mafumbo. Mwenye usonji mara nyingi hushika neno kama lilivyotamkwa. Akiambiwa kwa mzaha, "Nenda ukahesabu samaki baharini," huondoka kweli, na wenzake hucheka. Kelele za arusi nazo huweza kumwumiza. Watu hudhani kwamba apenda upweke; kumbe wengi wao wataka rafiki, ila hawajui njia ya kumpata.

Basi yafaa nini? Kwanza, tumfundishe salamu waziwazi, hatua kwa hatua. Asipotutazama machoni, tusichukie. Pili, tumwambie mapema yatakayotokea. Tatu, tumtafutie mwenzi mmoja katika jambo alipendalo. Kijana yule wa mtaa wetu ajua saa za maji kujaa na kupwa kuliko sisi wazee. Mwana wa mvuvi mmoja alianza kumwuliza kila jioni, na sasa huenda pwani pamoja.

Enyi walimu, msimwache nyuma ya darasa. Lushoto, katika mkoa wetu, iko shule ya Irente Rainbow ifundishayo watoto wa namna hii, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa haki ya elimu. Lakini sheria haiwezi kumpa rafiki. Rafiki atatoka katika watoto wetu, nao hututazama sisi jinsi tumwamkiavyo.